Asili na Maana ya Neno "Komredi", Pamoja na Maneno Mengine ya Urafiki

Walimu wengi huulizwa na wanafunzi wao maana ya neno "komredi". Swali hili si la ajabu katika nchi ya Dodoma. Mwaka 1973 ilikatwa shauri kwamba makao makuu ya Serikali yahamishiwe huku, na tangu ofisi kuu zilipohamia kweli, mikutano ya siasa imekuwa mingi mjini. Mwanafunzi apitaye karibu na mkutano husikia mtu mmoja akiitwa "mheshimiwa", wa pili "ndugu", na wa tatu "komredi". Naye hurudi shuleni akitaka kujua tofauti yao. Mara nyingi hujibiwa kwamba komredi ni rafiki wa mambo ya siasa. Jibu hilo si la uwongo, lakini halimfikishi mtoto mbali, kwa maana halimwambii urafiki huo umejengwa juu ya kitu gani.

Nia yangu katika makala hii ni kueleza neno hili limetoka wapi, limepita njia gani hata likafika kwetu, na lina ujamaa gani na maneno mengine ya urafiki tuliyo nayo. Nadhani habari hizi zitawafaa walimu wafundishao lugha, na vilevile wachungaji na mapadre ambao kazi yao ni kuwaita watu kwa majina ya upendo kila siku.

Safari ya neno

Watu wengine hudhani kwamba "komredi" ni neno la Kirusi, kwa sababu wamelisikia pamoja na habari za mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917. Sivyo. Warusi wana neno lao, nami nitalitaja baadaye. Sisi tumelipata kwa Waingereza, na Waingereza walilipata kwa Wafaransa, ambao husema "camarade". Wafaransa nao waliliazima kwa Wahispania katika karne ya 16. Kwa Kihispania "camarada" lilikuwa kwanza jina la kundi, yaani watu waliolala katika chumba kimoja, na hasa askari. Baadaye likawa jina la mmoja wao. Shina lake ni "cámara", maana yake chumba, nalo limetoka katika Kilatini "camera", ambalo Warumi walilipata kwa Wayunani, na kwa Wayunani maana yake ilikuwa mahali penye dari la kuba.

Basi maana ya kwanza ya komredi si mtu wa chama, wala si mtu wa vita. Ni mtu tuliyelala naye chumba kimoja. Msomaji aliyepata kukaa katika bweni la shule ataelewa mara moja maana ya jambo hili. Aliyelala nawe chumba kimoja anajua ukikoroma, anajua ukilia usiku kwa kukumbuka kwenu, anajua kama una blanketi moja au mbili. Huwezi kumficha umaskini wako, wala yeye hawezi kukuficha wake. Katika hali kama hiyo huzaliwa mazoea ambayo Wafaransa huyaita "camaraderie". Na Waingereza, walipokosa neno la kufaa katika lugha yao, walilichukua hilo lilivyo, bila kulibadili hata herufi moja.

Neno hili lina ndugu yake mmoja katika Kiswahili, ambaye wachache humtambua. Ni neno "kamera", chombo cha kupigia picha. Wataalamu wa zamani walitumia chumba chenye giza kilichotobolewa tundu dogo, nayo sura ya vitu vya nje ikaingia kwa tundu hilo na kuonekana ukutani, juu chini. Chumba hicho waliita kwa Kilatini "camera obscura", yaani chumba cha giza. Na chombo cha siku hizi kimerithi nusu ya jina hilo. Kwa hiyo komredi na kamera ni watoto wa chumba kimoja, ingawa hawafanani kwa kazi.

Lilivyoingia katika siasa na katika Kiswahili

Katika karne ya 19 vyama vya wafanyakazi vya Ulaya vilitafuta jina la kuitana lisilo na ukubwa wala udogo, wakaacha "bwana" na mfano wake. Wafaransa walishika neno lao "camarade", na Waingereza "comrade". Wajerumani walishika "Genosse", ambalo asili yake ni mtu anayefaidi mali pamoja na mwenziwe. Na neno la kale la mali hiyo lilikuwa pia jina la mifugo. Warusi walishika "tovarishch", ambalo wataalamu wengi hulitoa katika lugha za Kituruki, katika neno lenye maana ya mali, bidhaa au mifugo. Yaani mwenzi katika safari ya biashara. Nitarudi kwenye mifugo hii, kwa kuwa Mgogo hawezi kuipita bila kugeuka.

Katika Kiswahili neno lilipata nguvu kwanza Unguja. Mwaka 1963 Abdulrahman Mohamed Babu alikiacha chama cha Hizbu, ambacho alikuwa katibu wake mkuu, akaanzisha chama cha Umma. Wafuasi wake waliitwa "makomredi", na jina hilo liliendelea kuwashika hata baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, chama chao kilipokwisha kuunganishwa na Afro-Shirazi. Bara, chama cha TANU, kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954, kilipenda zaidi neno "ndugu", na Chama Cha Mapinduzi kililirithi kilipoundwa tarehe 5 Februari 1977. Siku hizi maneno yote mawili husikika katika mkutano mmoja.

Yafaa mwalimu aonyeshe hapa jinsi lugha yetu inavyompokea mgeni. "Komredi" limepewa wingi wa "makomredi", kama vile "rafiki" lilivyopewa "marafiki". Na kwa kutia u- mbele tumepata "ukomredi", kama "urafiki". Lakini "ndugu" halibadiliki katika wingi: ndugu mmoja, ndugu wengi. Neno hili ni la nyumbani, wala halikuhitaji kuvishwa nguo mpya.

Mtu wa mkate mmoja

Wafaransa wana neno jingine la rafiki, nalo ni "compagnon". Hili limeundwa kwa maneno mawili ya Kilatini, "cum", yaani pamoja na, na "panis", yaani mkate. Maana yake ni mtu anayekula mkate pamoja nami. Katika neno hilo vijana wa Ufaransa wamepata "copain", wanaloitana kwa mazoea. Na kutoka shina hilohilo limetoka "compagnie", ambalo Waingereza walilifanya "company", nasi tukalifanya "kampuni".

Mtu anayefanya kazi katika kampuni siku hizi hafikiri juu ya mkate, ila juu ya mshahara wake. Walakini neno lenyewe bado linakumbuka meza. Hapo kwanza kampuni ilikuwa watu walioketi kula pamoja. Na kama wakubwa wakila ndani na vibarua wakilala njaa nje, basi kwa kufuata asili ya neno hiyo si kampuni tena.

Hapa kwetu mkate si chakula cha asili. Tunakula ugali wa uwele au wa mtama, na mlenda. Lakini desturi ni ileile. Watu waliozunguka sungura mmoja wa ugali wakitia mikono yao katika chungu kimoja cha mlenda hawawezi kuwa na siri kubwa kati yao. Na kuhusu meza hiyo ya Kifaransa, tumepokea pia kinywaji chake, kwa kuwa neno "divai" hutolewa na watunga kamusi katika Kifaransa "du vin". "Mvinyo" tuliupata kwa Wareno, na divai tukaipata kwa Wafaransa. Na leo mizabibu imestawi katika udongo wa Dodoma. Msomaji aliye padre hahitaji kukumbushwa kwamba mkate na divai huwekwa pamoja juu ya meza moja.

Si ajabu kwamba maneno ya Kifaransa yamefika kwetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza kazi Bagamoyo mwaka 1868. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe ulipita Ugogo ukielekea kwenye maziwa makuu. Na Padre Charles Sacleux, Mfaransa aliyekaa miaka mingi pwani, alitunga kamusi kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa, iliyopigwa chapa Paris mwaka 1939, ambayo hata leo wanachuoni huitafuta.

Mtu wa njia moja

Sasa tulitazame neno letu la kila siku, "rafiki". Hili ni la Kiarabu, "rafiq", na maana yake ya asili ni mwenzi wa safari. Katika mzizi huo Waarabu wamepata pia neno la upole, na jina la kiwiko cha mkono, yaani mahali mtu anapoegemea. Na jambo la kuangaliwa ni hili: vyama vya kijamaa vya Waarabu vilipotafuta neno la kuitana kama Wafaransa wanavyosema "camarade", vilishika "rafiq" lilelile. Basi kumbe Waswahili walikuwa na komredi wao miaka mingi kabla ya komredi kuja, ila walimwita rafiki.

Kwa mtu wa pwani, njia inaweza kuwa ya jahazi. Kwa mtu wa Ugogo, njia ilikuwa ile ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapanda Mpwapwa, ikapita nchi yetu mpaka Tabora na Ujiji. Kati ya Mpwapwa na Ugogo kulikuwa na nyika isiyo na maji, iitwayo Marenga Mkali, na upande wa magharibi kulikuwa na pori la Mgunda Mkali. Katikati palikuwa na watemi wa Kigogo, waliotoza hongo kwa kila msafara uliotaka maji na chakula. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba pembe ya ndovu katika jua la Marenga Mkali alijua maana ya rafiki kuliko mwenye kamusi. Rafiki ni yule ambaye ukianguka hakupiti. Hukupokea mzigo, au hukugawia maji yaliyobaki katika kibuyu chake. Ndipo wazee waliposema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Kiswahili kina maneno yake ya Kibantu pia. "Mwandani" ni mtu mnayeandamana naye, nalo neno hilo limeshika njia ileile ya Kiarabu, bila kuazima. Na "ndugu" hukumbusha tumbo moja.

Basi tukiyapanga maneno haya tunaona jambo moja. Komredi amepewa jina kwa chumba, kampuni kwa mkate, rafiki na mwandani kwa njia, ndugu kwa tumbo, na wale wa Kijerumani na Kirusi kwa mali na mifugo. Hakuna hata moja lililoanza kwa habari ya moyo au ya maneno mazuri. Yote yameanza na kitu ambacho watu wawili walikuwa nacho pamoja, na upendo ukaja nyuma yake.

Mambo haya katika desturi za Ugogo

Mgogo akikutana na mtu humwamkia "Mbukwa", na wakiwa wengi "Mbukwenyi". Salamu hiyo ni mlango tu. Urafiki wenyewe ulionekana zaidi zizini. Mtu mwenye ng'ombe wengi hakupenda kuwaweka wote mahali pamoja, maana ukame au maradhi yangeweza kuwamaliza kwa msimu mmoja. Aliwagawa kwa watu wa mbali wawatunze, na mtunzaji akanywa maziwa yao. Watu hao wawili walifungamana, kwa kuwa hasara ya mmoja ilikuwa hasara ya mwingine. Kama mtu angemwambia mzee wa Kigogo kwamba neno la Kijerumani la komredi lina habari ya mali na mifugo ndani yake, nadhani asingestaajabu hata kidogo. Angeuliza tu ng'ombe walikuwa wangapi.

Jambo la pili ni utani. Mwingereza R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa makabila ya Tanganyika mwaka 1944, na Peter Rigby, aliyekaa na Wagogo, aliandika mwaka 1968 juu ya utani wao wa jamaa na wa koo. Wageni huona tu kwamba watani hutukanana na kunyang'anyana vitu bila kugombana, wakadhani ni mchezo. Lakini mtani ana kazi. Msiba ukitokea, yeye ndiye wa kuja kusaidia mambo ya maziko, na kuwachekesha wafiwa ili huzuni isiwashinde. Kwa sababu amekubali mzigo huo, amepewa ruhusa ya kutukana. Ruhusa na mzigo havitengani.

Nataka tulipime kwa kanuni hii jambo moja linalotuuma sisi wa nchi hii. Katika miji mingi Wagogo huchekwa kuwa ni ombaomba, na anayecheka akiulizwa, hujibu kwamba ni utani tu. Lakini ombaomba hao walitoka wapi? Nchi yetu ina mvua chache, na njaa zake zina majina. Katika njaa iitwayo Mtunya, ya miaka 1917 hadi 1920, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua zikakosa, na watu wengi sana wakafa. Mwenye kucheka njaa ya namna hiyo, asiyekuja kuzika wala kugawa chakula, hana utani nasi. Amechukua ruhusa akauacha mzigo. Mwalimu akisikia mtoto akimcheka mwenzake darasani kwa jambo hili, asitosheke kumwambia anyamaze. Amwulize: Je, ukifiwa, huyu atakuja kwenu? Na akifiwa yeye, utakwenda?

"Bonhomie", au wema wa usoni

Limebaki neno moja la Kifaransa ambalo wasomaji wa vitabu vya Kiingereza hukutana nalo, nalo ni "bonhomie". Hutajwa pamoja na "camaraderie" kana kwamba ni mamoja, lakini asili zao ni mbali. Hili limeundwa kwa "bon", yaani mwema, na "homme", yaani mtu. Maana yake ni tabia ya mtu mwema, aliye mchangamfu na asiye na makuu. Kwa Kiswahili tungeweza kusema uchangamfu, au bashasha. Wengine wangependa kusema utu. Lakini utu wetu ni mpana zaidi, kwa maana mtu mkimya asiyecheka anaweza kuwa na utu mkubwa.

Tena neno hili lina kovu katika historia yake. Katika zama za kati makabaila wa Ufaransa waliwaita wakulima wao "Jacques Bonhomme", kama kusema "Yakobo Mtu-mwema", nao walisema hivyo kwa dharau, wakimaanisha mjinga anayevumilia kila kitu. Mwaka 1358 wakulima hao walichoka na kodi na vita, wakaasi, na uasi wao huitwa "Jacquerie" kwa ajili ya jina hilo la Jacques. Makabaila waliukomesha kwa kumwaga damu nyingi. Jina lilikuwa zuri, lakini waliolitumia hawakuwa na chumba, wala mkate, wala njia pamoja na waliowaita. Ndiyo maana halikuzuia chochote.

Ushauri kwa walimu na wafasiri

Kwa mfasiri anayekutana na "camaraderie", ningemshauri asiandike "urafiki" kila mahali. Kwanza atazame watu wanaosemwa wanashirikiana katika kitu gani. Kama ni askari au wanafunzi wa bweni, "udugu wa kambi" au "udugu wa bweni" utafaa. Kama ni wafanyakazi, aseme "umoja wa kazi" au "mshikamano". Kama ni watu wa safari, Kiswahili kina "uandani", neno zuri ambalo limeachwa bila sababu. "Ukomredi" litumike pale panapohusu siasa tu, maana hapo ndipo Waswahili wamelizoea. Na kwa "bonhomie", "bashasha" na "uchangamfu" yatosha, ila panapohitajika habari ya tabia ya ndani, aseme "wema wa moyo".

Kwa mwalimu, zoezi jepesi ni kuandika ubaoni maneno komredi, kampuni, rafiki, mwandani, ndugu na mtani, kisha kuwauliza wanafunzi kila mmoja ana nini pamoja na mwenzake. Watoto wa Ugogo hupata majibu upesi, kwa kuwa mambo hayo wanayaona nyumbani. Baada ya hapo waulizwe swali gumu zaidi: Je, wale tunaowaita kwa majina haya leo, kitu hicho bado tunacho pamoja nao?

Swali hilo linatuhusu sisi watu wazima kuliko watoto. Kiongozi anaweza kumwita mwananchi "ndugu" huku amefunga kioo cha gari lake, na mwenye kiwanda anaweza kuwaita vibarua wake "familia moja" siku ya sikukuu, kisha asiijue nyumba ya hata mmoja wao. Mhubiri naye anaweza kuwaita waumini "wapendwa" asubuhi, na jioni asiende kumwangalia mgonjwa wao. Maneno hayo si dhambi, lakini yamekuwa kama ngoma iliyotobolewa: bado ni ngoma kwa kuitazama, ila haitoi sauti. Mwenye kutaka yalie tena hana dawa nyingine ila kurudisha kile kilichoyazaa: ale pamoja nao, atembee pamoja nao, alale mahali wanapolala, na azike pamoja nao. Akifanya hivyo, hata asipowaita kwa jina lolote, wao wenyewe watapata la kumwita.